Aliyeruka Majini na Viatu

Rusimbi, Ujiji,
2 Agosti

Mdogo wangu Honorata,

Marahaba. Nimejibu kabla hujaniamkia, maana nakujua: ukiuona mwandiko wangu utaanza kutafuta miwani na kunung'unika, na shikamoo yangu itapotelea hapo hapo. Mwakeye, habari za huko Manyovu? Magoti yanaendeleaje na baridi hiyo ya milimani? Shemeji Eliakimu hajambo? Mwambie kahawa aliyoniletea niliinywa, na majani na vijiti vilivyokuwa ndani yake nikawapa mbuzi, na mbuzi wamenituma nimshukuru. Na binti yako Winfrida je, bado yuko Dodoma kwenye ofisi yake? Anakupigia simu? Nauliza tu. Mimi huku ni mzima. Meno yamebaki machache lakini yanaelewana.

Sasa vuta kigoda ukae. Mimi kaka yako, niliyeishia darasa la nne kwa utoro, nimevumbua kitu. Serikali imekipokea, imekisajili, na kampuni kubwa kutoka Dar es Salaam imefunga safari mpaka hapa mwaloni, mitumbwi inapofikia, kuomba leseni ya kukitengeneza. Kwa hiyo ukinijibu, kwenye bahasha uandike Mhandisi Thobias.

Haya, cheka umalize. Nimedanganya. Kitu kipo, leseni ipo, kampuni ipo. Mhandisi ndiye si mimi. Kazi yangu mimi katika uvumbuzi huo ilikuwa kufa. Usishtuke, nitaeleza, nami bado natembea.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ungeikata nikifika kwenye neno ziwa, kama unavyoikata siku zote. Barua haikatiki. Inachanwa tu, na wewe tangu utoto hujawahi kuchana kitu chenye maandishi kabla ya kukisoma mpaka mwisho, hata karatasi ya kufungia sukari. Basi nisome. Najua tangu mwanao Oswald achukuliwe na maji hujashuka huku, na dagaa hawajaingia jikoni kwako, na hata mgebuka mkavu niliokutumia ulimpa jirani. Sikulaumu. Lakini habari hii haina njia nyingine ya kupita isipokuwa ziwani, kwa hiyo nishike mkono tupite wote.

Unakumbuka mtumbwi ulivyorudishwa. Jaketi okozi lake lilikuwamo ndani, kavu, limebonyea katikati. Alikuwa amelikalia. Ulilia ukasema mwanangu alikuwa mjinga, nami sikukujibu siku ile kwa sababu haikuwa siku ya kujibiwa. Hakuwa mjinga, Honorata. Mwalo mzima walikuwa wanayakalia. Yale majaketi ya dukani yamejaa kifuani kama mama mjamzito. Wavuta wavu wa dagaa viwiko vinapita kifuani, ukilivaa wavu unanasa, mikono haifiki, mwenzako anakuuliza kama umekuja kuvua au kuuza nguo. Basi watu wanalivua, wanaliweka chini ya makalio, na askari wa doria wakionekana kwa mbali wote wanalivaa kwa pamoja kama kwaya.

Sasa karibu miaka miwili iliyopita akaja hapa mtaalamu wa Serikali, mwanamke, kutoka taasisi moja ya utafiti. Jina lake litakuja mahali pake, kwa sasa nitamwita Mtaalamu. Alikuwa na fedha za umma za kutengeneza jaketi ambalo mvuvi hatalivua. Nilimtania siku ya kwanza nikamwambia kama Serikali inataka kitu ambacho mvuvi havui, ingemshonea deni. Hakucheka sana. Akaomba akae kwenye boti aangalie watu wakivuta wavu, na alikaa hivyo wiki baada ya wiki, mkono kwenye kidevu, mpaka wavuvi wakamzoea na kuanza kutukana mbele yake kama kawaida.

Akashona jaketi lililo tupu kifuani. Maboya yote kayapeleka mgongoni, sponji ngumu isiyonywa maji, na mikanda inapita kwapani na kufungwa mbele, sawasawa na mama anavyofunga mbeleko mtoto akiwa mgongoni. Wavuvi wakalipenda. Bonfils, kijana wa kina Bucumi waliokuja kutoka Burundi na kubaki, ndiye aliyekuwa nahodha wa wajaribuji, na alilivaa hata akienda Gungu kumwona mchumba. Mimi, kwa kuwa ni fundi nyavu na vidole vyangu vinajua kamba, nilipewa kazi ya kukagua mikanda. Hapo ndipo uhandisi wangu ulipoanzia na kuishia.

Kukawa na kipimo cha mwisho. Mtaalamu alitaka kujua mtu akizimia, akianguka majini hana habari, jaketi litamshikaje. Akawaambia wajaribuji walale ziwani walegee kabisa, wasitikise hata kidole. Walilala. Nyuso juu, wametulia, kama wafalme. Yeye kwenye boti akaandika kwamba limefaulu, kila mara, kwa kila mtu. Mwalo mzima ukafurahi.

Nilipata habari kwamba sasa litapewa kampuni. Nikapanda moto. Nikamwendea nikamwambia mnaona haya kweli? Kodi yangu ya ushuru wa nyavu ndiyo iliyonunua sponji hiyo, halafu mnampa tajiri auze? Mtu anauziwaje kuku wake mwenyewe? Akaniacha nimalize, akanimiminia chai, akasema taasisi yao ina cherehani mbili na moja inagoma. Wanajua kutengeneza jaketi moja likawa zuri. Kutengeneza maelfu hawawezi, hawana kiwanda, hawana malori, hawana maduka, na jaketi zuri lililofungiwa kabatini halijawahi kumwelesha mtu. Akasema hawauzi. Haki inabaki ya Serikali, kampuni inapewa ruhusa ya kutengeneza kwa masharti, na sehemu ya mapato inarudi kwenye taasisi ili itafute kitu kingine. Nikanywa chai yake lakini sikumwambia kama nimeridhika. Mtu wa umri wangu haridhiki haraka, atadhaniwa hana kazi.

Basi siku ya leseni ikafika, Juni ya mwaka jana. Ziwa lilikuwa limefungwa lipumzike, mitumbwi yote iko ufukweni. Akaja Bwana Nehemia wa kampuni, mnene, mpole, na begi la ngozi. Akaja mkuu wa Mtaalamu, ambaye muda wote aliangalia saa kwa sababu mwaka wa fedha ulikuwa unaisha na mradi usiposainiwa, fedha zilizobaki zinarudi Hazina. Akaja mwanasheria wa taasisi, Bi Catherine. Meza ikawekwa kitambaa cheupe, kalamu juu. Nami nikakalishwa na wageni kama mzee wa mwalo, kwa sharti la kufunga mdomo.

Bonfils na mjaribuji mwenzake Hamdani wakaonyesha, wakaelea, watu wakapiga makofi. Bwana Nehemia akaniangalia, akauliza, kwa heshima kabisa, kama na wazee kama huyu wanaweza kulivaa. Kama huyu! Nikasimama. Nikasema nifungeni. Mtaalamu akacheka, akanifunga mwenyewe. Nikapanda mtumbwi, nikasimama ukingoni, nikainua mikono yote miwili kama bwana harusi anayetoka kanisani, nikakanyaga utelezi, nikatumbukia.

Wewe unajua, nao mwalo haukujua: kaka yako hajui kuogelea. Tumekulia milimani, mto wetu ulifika magotini. Miaka yote hii ya nyavu nimezishonea nchi kavu.

Jaketi lilinibeba, ndiyo. Lilinibeba mgongo. Uso ukaenda chini. Nikajaribu kugeuka, likanirudisha, nikajaribu tena, likanirudisha, kama mtu anayekushika kisogo na kukwambia kunywa. Nakwambia ukweli sikumkumbuka Mungu. Nilimkumbuka Oswald. Nikasikia kishindo karibu yangu, mikono ikanipindua, nikaona jua. Bonfils alikuwa bado anavua shati ufukweni. Aliyeruka ni Mtaalamu, na gauni lake la mkutano, na viatu. Aliruka huku akipiga kelele neno moja mbele ya wakubwa wake wote. Neno hilo pia nitakuambia mahali pake.

Nikawekwa mchangani nikitapika ziwa. Sasa angalia uchawi wa watu wenye haraka. Mkuu akauliza, mzee umekunywa leo? Nikaelewa mara moja mlango aliokuwa ananifungulia. Nikiingia, kalamu inasaini, mradi unapona, kazi ya yule binti haipotei. Nikaingia mbio. Nikasema nimekunywa, wakubwa, tangu asubuhi, pombe ya ndizi, na jaketi nimelifunga ovyo mwenyewe kwa ulevi. Mkuu akashusha pumzi. Bwana Nehemia akafungua kalamu.

Mtaalamu alikuwa amepiga magoti ananifungua mikanda, maji yanamdondoka puani. Akasema, taratibu tu, kwamba mzee hajafunga chochote. Fundo lile amelifunga yeye, na limefungwa sawasawa.

Nilikuwa nimesahau, Honorata! Maisha yangu yote nimedanganya vizuri, na siku ya maana nimedanganya kama mtoto wa chekechea.

Akawageukia wajaribuji akawauliza, si kwa ukali, kwamba siku zile walipolala, walilegea kweli? Bonfils akatazama vidole vyake vya miguu. Hamdani akasema, dada, tukwambie ukweli, tulikuwa tunapiga miguu chini kwa chini, kama bata. Akauliza kwa nini. Wakamwambia kuwa hapa mwaloni mtu haigizi maiti juu ya maji. Ziwa halina utani. Ukilifundisha jinsi unavyolala ukiwa umekufa, litakuja kukuomba ulale hivyo. Hakuna aliyemficha, wakasema, kila mtu alijua, walidhani na yeye anajua, walidhani zile karatasi ni mambo ya ofisi tu.

Mkuu akasema ni kasoro ndogo, tusaini leo, kiwanda kitarekebisha huko mbele. Na Bwana Nehemia naye hakuwa mbaya, alisema kampuni inaweza kuvumilia. Bi Catherine akamwangalia Mtaalamu, maana bila saini ya mvumbuzi kwamba kitu kimekamilika, leseni haitoki. Mtaalamu akasema hasaini. Akasema atakayeanguka akilivaa usiku, katikati ya ziwa, hatakuwa na mtu wa kumrukia na viatu.

Kalamu ikafungwa. Begi likafungwa. Wageni wakaenda kuwahi ndege, mradi ukaisha, na cherehani isiyogoma ikarudishwa makao makuu.

Nilidhani atapanda basi kesho yake. Hakupanda. Aliomba likizo bila malipo, akaazima cherehani kwa Caritas wa Gungu, mama anayeshona sare za shule, akaanza upya. Alitengeneza kola nene inayoshika kisogo, na vipande viwili vidogo vinavyokaa juu ya kifua, chini ya mabega, mahali ambapo kiwiko hakifiki. Likawa baya. Akafumua. Likawa baya zaidi. Akafumua tena. Mimi nilimwambia linafanana na ng'ombe aliyevishwa nira kinyumenyume, akasema ahsante kwa mchango wako, akafumua.

Na nani wa kujaribu? Vijana wa mwalo hawakutaka kujifanya maiti, na hakuwalazimisha. Nikajitolea mimi. Mtu wa milimani mwiko wa ziwa haumhusu sana, na kuogelea sijui, kwa hiyo hata nikitaka kudanganya kwa miguu siwezi. Basi nikawa maiti wa Serikali. Nilikufa kwa upande wa kulia, nikafa kwa upande wa kushoto, nikafa nikitupwa kifudifudi, nikafa mawimbi yakiwepo, Bonfils akiwa pembeni yangu na kamba mkononi na rozari shingoni. Kila nikitolewa nilidai uji wa moto, na kila mara waliniletea. Wake wa wavuvi walianza kuniuliza njiani, mzee Thobias, leo umekufa vizuri?

Siku lilipokubali, nilitupwa kifudifudi kama gunia. Kabla sijaogopa, kitu kikanishika kisogo, taratibu, kikanigeuza, nikajikuta naangalia mawingu. Masikio yamo majini, kimya kabisa. Sikupiga hata kidole. Nilisikia sauti kwa mbali inalia, nikajua ni Mtaalamu, nikaamua nibaki nimekufa kidogo ili amalize kulia kwa nafasi.

Bwana Nehemia alirudi mwenyewe, hakuitwa na mkuu. Alisema kule kiwandani kwao amewasimulia mafundi habari ya mwanamke aliyeruka na viatu, na tangu hapo kila akishika kalamu anaona viatu vile. Meza ikawekwa tena, Machi mwaka huu, safari hii bila kitambaa. Kampuni ilitaka iwe peke yake, asitengeneze mwingine. Hapo mimi, niliyeruhusiwa kukaa tena kwa sharti lile lile, nikalivunja. Nikawaambia baba yetu alimpa jirani yetu Bariki ng'ombe mwekundu amfuge. Unamkumbuka yule ng'ombe? Bariki anywe maziwa, achukue samadi ya migomba yake, ndama aje kwetu, na ng'ombe abaki wa baba. Bariki alipoanza kumfunga kigingini bila majani, baba alikwenda kwake na kibuyu cha pombe kama adabu inavyotaka, wakanywa, wakazungumza habari za mvua, halafu baba akasimama, akamfungua ng'ombe wake, akarudi naye. Nikawauliza, je, huyu bwana akilifunga jaketi letu kigingini, nani ataleta kibuyu?

Nilidhani nimewaweza. Bi Catherine akacheka mpaka akavua miwani, akanisomea kifungu walichokwisha kukiandika kabla mimi sijapiga mswaki: kampuni isipotengeneza ndani ya muda uliokubaliwa, au isipouza huku ziwani kwa bei ambayo mvuvi wa kawaida anaimudu, ruhusa inarudi kwa Serikali na wengine wanaweza kupewa. Ni ng'ombe yule yule wa baba, ila kwao ana maneno mengi zaidi na hana kibuyu. Wakaongeza kwamba majaketi ya ziwa hili yatashonwa Gungu kwa kina Caritas, na kwamba kila mzigo utapimwa na mtu asiyejua kuogelea. Mtaalamu akasaini. Bwana Nehemia akasaini baada yake.

Sasa, Honorata. Weka chai chini.

Neno alilopiga kelele akiruka ni Mjomba.

Mtaalamu ni Winfrida. Hayuko Dodoma. Ametoka huko, hapana, tuseme alipita huko wiki moja kuchukua barua ya kazi, akaja huku, na muda wote huu analala kwenye chumba changu cha uani. Jumapili anapokupigia baada ya misa, anakaa kwenye mkeka wangu, nami nafukuza majogoo. Ile siku uliyosikia mtu anaita migebuka, migebuka, akakwambia ni redio, ilikuwa ni mama Scola na beseni lake mlangoni kwangu, na nilimtolea macho mpaka akadhani nina wazimu. Hapo juu nilipokuuliza habari zake nilikuwa nakuzunguka tu, nitafute ujasiri.

Nimekuficha, na yeye amekuficha. Ulimwapisha mbele ya kaburi la ndugu yake kwamba hatagusa maji ya ziwa hili. Alikuja kwangu akaniambia kwamba kiapo kile kinamlemea, lakini lile jaketi lililobonyea katikati linamlemea zaidi. Ningemfanya nini? Ningemrudisha? Jiweke wewe kwenye nafasi yangu kwa dakika moja tu, halafu urudi kwenye yako unitukane.

Na anaogelea, Honorata. Alijifunza kabla hajaja, kwenye bwawa moja huko Dar es Salaam, pamoja na watoto wadogo wenye maboya mikononi. Yule uliyemkataza hata kunawa miguu ziwani ndiye aliyenitoa mimi humo. Kama angekutii, leo barua hii ungeandikiwa na mtu mwingine, yenye msalaba juu.

Kuna kitu kimoja kingine. Nyuma ya mlango wa chumba chake kuna jaketi alilolishona mwenyewe, kwa mfano wa lile lililokubali, pana mabegani. Hajawahi kuniruhusu nifie ndani yake. Nilimuuliza ni la nani, mbona linanipwaya hata kwa macho. Akasema ni kipimo cha kaka, na mwenye kuamua liende wapi ni mama, siku atakayoweza kumwambia. Anasema ataweza wiki ijayo. Amekuwa anasema wiki ijayo tangu Machi. Leo ameshinda Gungu kwa kina Caritas wanafunga mizigo, ndipo nikapata nafasi ya kuandika. Hajui.

Wiki ijayo mzigo wa kwanza unagawiwa hapa mwaloni, siku chache kabla ziwa halijafunguliwa, ili mtumbwi wa kwanza utakaoingia uingie na watu waliovaa. Yeye ndiye atakayewafunga mikanda.

Barua hii anaileta Pastory wa gari dogo la Manyovu. Mpe ndizi, nauli nimeshamlipa, asikudanganye. Nisalimie shemeji na mgongo wake mvivu, wasalimie wa kwa Bariki walio hai, salimia migomba. Mbuzi wanakusalimu. Winfrida angekusalimu kama angejua.

Nimebakiza dai langu moja dogo. Ulipochomwa na mwiba kule mtoni, nani alibeba mtungi wako? Mimi. Zamu zako zote, mpaka kidonda kikafunga, na wavulana wenzangu wakinifuata njia nzima wakiniita bibi Thobias. Ukaapa kwamba utanitekea zamu moja. Tumezeeka, hujanitekea. Sikuwahi kukudai, leo nakudai. Panda gari na Pastory. Mimi nitakushika mkono mpaka kwenye mchanga wenye maji, Winfrida atakuwa pale pale na mikanda yake, na wewe uiname mara moja tu, unitekee ndoo moja. Ndoo ninayo. Kata yangu imetoboka, njoo na yako.

Ni mimi kaka yako,
Thobias